Kaa la Moto Lililozimikia Njiani

Harufu ya kinyesi cha ng'ombe kikavu kinachoungua polepole huwakera wengine, lakini mimi inanirudisha nyumbani kwetu, juu kule Mbulu, masika ile iliyotuchukulia watoto wawili. Mama alikuwa na namna yake ya kutunza moto. Mchana alipikia kuni za mkaratusi, ambazo zina mafuta, huwaka kwa fujo na kuisha upesi kama mgeni mwenye haraka. Jioni alichomeka kinyesi kikavu katikati ya mafiga, akakifunika kwa majivu. Hicho hakitoi mwali. Kinavuta hewa kidogo kidogo chini ya majivu, na asubuhi ukifukua unakuta kimekuwa chekundu. Viberiti vilikuwepo dukani, sikatai, na mwenye duka alikuwa mtu wa maneno mengi kuliko mimi, ila masika ile hatukuruhusiwa kwenda dukani wala popote.

Hapo nieleze, maana vijana hawajui. Dada yangu mdogo alikuwa amefariki kwa homa. Kwetu Wairaqw, nyumba iliyofiwa na mtoto ilitengwa, tuliita metimani. Hamchoti maji na wenzenu, hamli kwao, na hasa hampeani moto, kwa kuwa watu waliamini kifo hufuatana na moto kuingia nyumba nyingine. Tulikuwa tumebatizwa wote, lakini jambo hilo hata padri lilimshinda. Baba alikuwa na ng'ombe huko Basotu, hajui hata kama amefiwa.

Basi mvua ya upepo ikang'oa nyasi za paa, maji yakashukia kwenye mafiga. Kulipokucha majivu yalikuwa uji. Mdogo wangu Tluway, aliyekuwa bado ananyonya, alikuwa anakohoa, miguu yake ya baridi kama chura. Mama akapekecha vijiti mpaka viganja vikachubuka. Wapi! Kuni zikishiba maji, joto lote linaishia kuyakausha kwanza, halibaki la kuwasha.

Ng'ambo ya njia akatokea jirani yetu Mama Safari, rafiki wa mama tangu usichana wao.

"Mama Anna! Mbona paa lako halitoi moshi leo? Umeanza uvivu?"

"Moto umezimika," mama akajibu. "Na mtoto anapoa."

Mama Safari akageuka. Akaingia kwake, akatoka na kigae chenye kaa la moto juu ya majivu, akaja mpaka katikati ya njia, akakiweka chini.

"Chukua upesi. Hakuna anayetuona."

"Una watoto watano humo ndani. Rudi nalo."

"Na huyo wako?"

"Huyu tayari yuko upande huu."

"Una kichwa kigumu kama punda wa baba yako! Chukua, mwanamke!"

Nilitaka kukimbia nikalichukue mimi, mama akanidaka gauni shingoni. Manyunyu yakaliangukia lile kaa. Likalia kidogo, likafifia, likawa jeusi mbele ya macho yetu. Mama Safari akaketi kwenye matope akalia, na mama akalia upande wetu, njia ikiwa katikati yao.

Tluway alifariki kesho yake kabla jua halijapanda.

Sasa naishi Gitting kwa mwanangu, na jiko ni la gesi, unageuza kitufe tu. Juzi mjukuu wangu alikuwa anasoma kitabu chake cha sayansi kwa sauti. Anasema moto unataka vitu vitatu: kitu cha kuungua, hewa na joto. Nikamuuliza, "Kifo hakimo?" Akacheka, "Bibi nawe! Hakimo." Ninamwamini. Mimi niliishia darasa la pili, lakini naona hivyo pia: homa haipandi juu ya kaa. Ila wale watoto watano wa Mama Safari walikua wote. Yule wa mwisho, mwenye mvi sasa, tukikutana mnadani hunishika mikono yote miwili: "Shikamoo dada Anna. Mama yako ndiye aliyetuponya." Kilichomo kwenye kitabu cha mtoto sijawahi kumwambia. Namwitikia marahaba, kisha namuuliza habari za ng'ombe wake.