Kitabu Kiko Nairobi

Mume wangu Walubengo alikuwa na gari la spoti kwa miezi tisa, na hakuna karatasi hata moja inayosema hivyo. Ukienda kuuliza, karatasi zilizopo zitakuambia alichukua gari la watu. Mimi ni Nasambu, mkewe. Yeye ameamua kunyamaza mpaka kaburini, basi nitasema mimi, na sina haja ya kumpendeza mtu.

Tulitoka Kimilili tukaja Kisumu mwaka wa sitini na mbili, tukapanga chumba kimoja Kaloleni. Alipata kazi katika gereji ya Kalasinga mmoja karibu na stesheni ya reli. Hakuwa mtu wa maneno. Kazi yake hasa ilikuwa kusikiliza. Alichukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka juu ya injini inayonguruma, mpini akaubana sikioni, akafumba macho, kisha akasema, "Ni beringi ya pili." Wakifungua, wanakuta ni beringi ya pili. Watu walileta magari kutoka Kericho ili ayasikilize.

Kati ya magari hayo lilikuwepo moja jekundu, la Mhindi mnunuzi wa pamba. Lilikuwa na viti viwili tu na paa la turubai, na lilikaa chini sana hata watoto wakaliita Chura. Miaka saba Walubengo alilala chali chini ya gari lile. Akirudi nyumbani ananisimulia habari zake huku ninakanda unga wa chapati za kuuza sokoni Kibuye: leo limekohoa, leo limeamka vizuri. Nikamwambia huyu mke mwenza wangu anakunywa petroli nyingi. Alicheka. Wakati huo alikuwa bado na kicheko kizuri.

Mwaka wa sitini na tisa yule Mhindi akafunga duka, akaenda zake Uingereza kama wenzake wengi. Gari likaenda kwa Wepukhulu, ofisa wa serikali aliyekaa Milimani, kwenye nyumba ya ua mkubwa na mtunza bustani. Hapa lazima nieleze Wepukhulu ni nani kwetu, maana bila hilo hutaelewa ujinga uliofuata.

Sisi Wabukusu hutahiri vijana wetu mwezi wa Agosti, mwaka mmoja ndiyo, mwaka mmoja hapana. Waliotahiriwa msimu mmoja huitana bakoki. Walubengo na Wepukhulu walipakwa matope asubuhi moja, kwenye mto mmoja, mwaka wa arobaini na sita. Bakoki ni zaidi ya ndugu. Unaweza kumtania mbele ya mkwe wake, unaweza kuingia kwake ukala bila kukaribishwa. Lakini humshtaki, na humdai ushahidi wa neno lake. Kumwambia bakoki "tuandikiane" ni kumwambia kwamba alitetemeka mbele ya kisu. Ndivyo wanaume wanavyosema. Mimi sikuwepo mtoni.

Wepukhulu alilitesa gari lile miaka miwili. Alikanyaga klachi njia nzima kama anayekanyaga nyoka. Mwezi wa Mei, sabini na moja, likamfia, na Jumapili akaja chumbani kwetu na kofia mkononi.

"Bakoki, hii gari imenichosha," alimwambia mume wangu. "Wewe ndiyo unaijua. Chukua, nikuuzie bei ya ndugu."

Niliona macho ya Walubengo. Nilikuwa sijawahi kumwona akitaka kitu namna ile, hata mimi hakunitaka hivyo.

"Na kitabu chake?" nikauliza mimi. Nilimaanisha kile kitabu cha serikali kinachotaja mwenye gari ni nani. Hata muuza chapati anajua gari lisilo na kitabu halina mwenyewe.

Wepukhulu alimtazama mume wangu, si mimi. "Kitabu iko Nairobi, mama, inabadilishwa jina. Ile Muhindi ndiyo alichelewesha mambo. Wiki mbili tu, nitaleta mimi mwenyewe kwa mkono."

"Basi na pesa zingoje wiki mbili."

Walubengo alinyanyuka, akanishika bega. "Nasambu," akasema, "lete chai."

Mgeni alipoondoka nilimwambia mali bila daftari hupotea bila habari. Aliketi akisugua mafuta ya gari kwenye kucha, mafuta ambayo hayakuwahi kutoka. "Nitamwambiaje?" akasema. "Nimwambie simwamini? Mimi na yeye?"

Kama ingekuwa pesa zake peke yake, ningelia kidogo nikanyamaza. Lakini zilikuwa za kiwanja. Migosi wakati ule ilikuwa bado mashamba, na Mjaluo mmoja, Mzee Ogola, alikuwa amekubali kutukatia kipande tujenge. Nilikuwa nimeshampa malipo ya kwanza kutoka katika chapati zangu. Yule mzee na sisi hatukuwa kabila moja, wala hakujua mto wetu. Aliita majirani wawili, akaandika karatasi, akanisomea mara mbili, akashika kidole changu akakibandika chini. Nililala usingizi mzuri siku ile.

Sitasema Walubengo alininyang'anya. Aliniomba. Katika ndoa yetu yote hakuwa ameniomba kitu, na mimi mjinga nikaona haya kumnyima. Nikaenda kwa Mzee Ogola kurudisha karatasi nipewe pesa zangu. Alizihesabu pole pole. "Mama," akasema, "mimi sikatai. Lakini adiera, kweli kabisa, gari inaoza, shamba haiozi." Nilimjibu kwamba mume wangu ni fundi.

Basi gari likawa letu. Alilibadilisha klachi mwenyewe, akalipaka rangi upya, akanunua turubai jipya. Jioni, akitoka kazini, alikuwa akilisikiliza kwa bisibisi yake, na uso wake ukawa kama wa mtu anayesikia habari njema. Injini haikuwahi kumdanganya. Kila mwisho wa mwezi alitembea kwa miguu mpaka Milimani kuuliza kitabu. Kwa miguu, kwa sababu aliona si heshima kwenda kumwonyesha bakoki gari alilomuuzia. Jibu lilikuwa lile lile: kitabu kiko Nairobi. Mara karani amehama, mara faili limefungwa kwenye kabati na ufunguo hauonekani. Desemba leseni ya barabara ikaisha, na nyingine haikatwi bila kitabu. Akalifunika gari kwa turubai pembeni ya gereji, Krismasi tukaenda Kimilili kwa basi.

Februari, Jumapili moja, hakuweza kuvumilia. "Twende mpaka Awasi tu," akasema. "Lisipotembea litakufa." Nilijua leseni imeisha. Nilifunga kitambaa changu cha kanisani nikapanda.

Nikuambie ukweli, nilifurahi. Alifungua paa, upepo wa mashamba ya miwa ukatupiga, kitambaa kikaniruka kikabaki nyuma njiani na wala sikumwambia asimame. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Aliniangalia akasema, "Unasikia linavyoimba?" Na nilisikia. Nikasema moyoni kiwanja kitapatikana siku nyingine. Mtu mzima kama mimi.

Sokoni Awasi polisi wawili walisimamisha magari. Mmoja aliangalia ile leseni iliyokwisha, akauliza kitabu. Walubengo akasema kiko Nairobi. Polisi akaandika namba ya gari, akaenda kupiga simu, na aliporudi hakuwa tena anatabasamu. Gari lile lilikuwa linatafutwa. Kampuni moja ya mikopo ya Nairobi ndiyo iliyokuwa na kitabu, tangu siku Wepukhulu alipolichukua kwa mkopo, na Wepukhulu alikuwa ameacha kulipa karibu mwaka mzima. Kitabu kweli kilikuwa Nairobi. Hakikuwa safarini kuja popote.

Walubengo alilala ndani. Asubuhi nilikimbia mpaka Milimani na miguu yenye vumbi, nikamkuta Wepukhulu anakunywa chai. Nikamwambia, "Baba, njoo useme tu kwamba ulituuzia. Neno moja." Alivaa koti, akanipandisha gari la ofisi. Njiani nilimshukuru. Naona aibu mpaka leo nikikumbuka nilivyomshukuru.

Kituoni mkubwa wao alimuuliza anamjua huyu mtu. Wepukhulu hakumtazama Walubengo hata kidogo.

"Huyu ni fundi yangu, Afande. Nilimwachia gari atengeneze klachi. Sikumpa ruhusa ya kutembeza bibi yake."

Mkubwa akamgeukia mume wangu. "Ni kweli?"

Nilifungua mdomo. Walubengo aliniangalia, akatikisa kichwa mara moja. Kisha akasema, "Ni kweli, Afande."

Na mimi nikafunga mdomo. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. Mimi sikupakwa matope, sikula kiapo na mtu. Ningeweza kupiga kelele mpaka bati la kituo litoke. Nilisimama pale mlangoni kama mzigo.

Alifungwa miezi miwili kwa kuchukua gari la mtu bila ruhusa. Nilipokwenda kumwona nilimuuliza kwa nini. Alisema, "Kuuza gari la kampuni ni kosa kubwa, angefungwa miaka. Bakoki hamfungi bakoki. Anayefanya hivyo laana inafuata watoto wake." Nilimuuliza watoto wetu wanafuatwa na nini sasa, kama si laana.

Kampuni ilichukua gari, ikamaliza mambo yake na Wepukhulu kimya kimya kama watu wa kuvaa tai wanavyomalizana. Kalasinga hakumrudisha Walubengo kazini. Sikumlaumu, maana nani atamwachia gari fundi anayejulikana kutembea na magari ya wateja? Yule aliyeletewa magari kutoka Kericho akaweka boksi lake kando ya barabara ya Kibuye, akawa anaziba pancha za baiskeli. Baiskeli haina cha kusikiliza. Ile bisibisi ndefu nilimkuta siku moja anachimbia shimo la kupandia mwiba wa ua.

Na Wepukhulu? Alikuja Krismasi na kilo mbili za sukari na pakiti ya majani ya chai. "Bakoki!" akaita mlangoni, na mume wangu akainuka akamkumbatia. Niliambiwa nichinje kuku, nikachinja. Nilipomwekea Wepukhulu firigisi nilimuuliza, "Baba, kitabu kimefika?" Alikohoa. Tangu hapo kila akija namuuliza hivyo hivyo, na kila akija anaondoka mapema. Pesa zetu hajazitaja. Walubengo naye hajazitaja, na kiwanja cha Migosi kina nyumba ya mtu mwingine, ya bati jipya. Nikipeleka chapati upande ule huwa nazunguka nisiione.

Agosti ya sabini na nne ilikuwa zamu ya mwanangu Wanyonyi. Tulikwenda nyumbani Kimilili. Mtoto wa Wepukhulu naye alikuwa wa msimu huo huo, na wazee wakapanga waende mtoni pamoja, wapakwe matope pamoja kama baba zao. Walubengo alifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Awasi kumsikia akicheka kwa sauti.

Alasiri ya siku ya mwisho Wanyonyi alirudi kutoka kualika jamaa, njuga mikononi, shanga kifuani, jasho linamtiririka. Nilimvuta nyuma ya jiko.

"Kesho mtoto wa Wepukhulu atakuwa bakoki wako," nikamwambia. "Mpende. Kula naye. Lakini ukinunua kitu kwake, hata kuku, dai karatasi kwanza."

Alinitazama kama nimemtukana mbele za watu. Yalikuwa macho yale yale ya baba yake kituoni.

"Mama," akasema, "bakoki haandikishwi."

Akapiga njuga zake, akarudi uwanjani kucheza. Baba yake alikuwa pale, amesimama bega kwa bega na Wepukhulu, akimpigia makofi.