Siku Niliyofungua Kamba ya Hema Ukweni

Aibu hii siwezi kuificha, maana nusu ya mji wa Kabuga iliiona na nusu nyingine ilionyeshwa kwenye simu, basi heri niisimulie mwenyewe kuliko muisikie kwa shemeji zangu, ambao hutia chumvi.

Ilikuwa siku ya kwenda kumposa Solange kwao. Siku kama hiyo hufungwa mahema mawili yanayotazamana, wenyeji kule, wageni huku, msemaji wao anatoa vikwazo vya mzaha, msemaji wetu anavijibu, na mposaji (yaani mimi, shuka limefungwa begani hadi miguuni, fimbo mkononi) kazi yake ni moja tu, kunyamaza. Ila baba yake Solange hakuwa na mzaha. Alikuwa amemuuliza binti yake waziwazi, mwanamume anayeshinda maabara akitazama vitu visivyoonekana atakulisha nini, na akasema jibu lake atalitoa siku hiyohiyo, akishatusikia.

Msemaji wao akaanza, kwa Kiswahili badala ya lugha ya kwao, kwa heshima ya shangazi zangu waliotoka Bukoba.

"Kijana yenu tunasikia anafuga seli. Ng'ombe tunajua, mbuzi tunajua. Hiyo seli iko na maziwa?"

Watu wakacheka. Mjomba Selemani, msemaji wetu, alikuwa tayari na jibu lake kuhusu ndama (alinisimulia baadaye, lilikuwa zuri sana). Lakini nilimwona yule mzee hacheki, nikajiambia hapa pasipoelezwa vizuri mke namkosa, nikasimama.

Nikasema seli changa ya neva ina kiunzi ndani yake, mirija ya kusukuma na nyuzi za kuvuta, na ili mtoto aliye tumboni aje asogeze kidole, seli hiyo lazima irefuke mpaka kufika kwenye kidole, na zinazoiita ni protini fulani, vichochezi vya ukuaji, zinazotoka kulekule inakotakiwa kwenda. Kichochezi kikigusa ncha ya seli, nyuzi za upande ule zinalegea, mirija inasogea mbele, seli inarefuka. Shangazi mmoja akapiga miayo. Hapo ndipo nilipolitazama hema letu (na mfano ule nautetea hadi leo). Milingoti ndiyo mirija, nikasema, kamba ndizo nyuzi, na kule kwa mzee ndiko kunakotoka kichochezi, sasa tazameni hema linavyoitwa na mkwe, nikafungua kamba ya kona na kuusukuma mlingoti kumwelekea.

Hema halikurefuka. Lilitulia kidogo, halafu upepo ukaingia chini yake, mlingoti wa pili ukalala, wa tatu ukaufuata, na turubai likawashukia wazee wetu taratibu, pamoja na vibuyu vya maziwa tulivyokaribishwa navyo, na kutoka chini yake nikamsikia mjomba Selemani akiuliza kwa adabu kama shughuli imekwisha. Shuka langu lilinaswa na kamba likaenda nayo (ndani nilivaa kaptura, namshukuru mama).

Wa kwanza kuvuka uwanja alikuwa baba yake Solange. Akauinua ule mlingoti wangu, akaushika kwa mikono miwili, shangazi zangu wakatoka mmoja mmoja na maziwa kichwani, naye akanitazama.

"Endelea," akasema. "Huku nimeshika mimi."

Nilitamani ardhi inimeze. Hicho ndicho nilichokuwa nimekiruka, mimi ninayeshinda na seli hizo mwaka mzima: seli hailegezi hapa bila kujenga pale wakati huohuo, na kichochezi hakiishii kuita, husaidia pia mirija iliyofika isimame imara. Nikamwambia hivyo, magoti nje. Alisikiliza mpaka mwisho, na mlingoti hakuuachia. Kisha akamnong'oneza msemaji wao, na msemaji akatangaza kwamba binti tumepewa, ila harusi itafanyika kwenye ukumbi wa matofali.

Na ndivyo ilivyokuwa, mzee aliulipia mwenyewe. Mimi nimeapa kwamba mtu akishateuliwa kunisemea, nitamwachia aseme, hata kama ni habari za ndama. Na siku hizi nikiulizwa nafanya kazi gani, kabla sijafungua kinywa hutazama kwanza juu, nione tumekaa chini ya nini.