Goti la Mwenyekiti

Felicitas, au Mama Kiambi, mkulima wa viazi wa Kibirichia, aliwaongoza akina mama wa parokia kwa miaka mingi bila kupingwa, mpaka Jumapili ile alipoacha kupiga magoti. Wengine waliposhuka, yeye alibaki ameketi benchi la mbele, akitazamana na Padri kama watu wanaouziana ng'ombe.

Kufikia chai ya baada ya misa, kesi ilikuwa imekwisha. Amekosana na Padri. La, amehamia kanisa la mahema. Angeline, au Mama Munene, aliyekitaka kiti cha uenyekiti, hakusema baya lolote. Alisema tu, "Tumwombee," jambo ambalo ni baya zaidi.

Ukweli ulikuwa nyuma ya goti la kulia: uvimbe kama kiazi cha mbegu, mahali ambapo mama wa heshima haonyeshi watu. Mumewe, Kaburu, aliupapasa, akatangaza kwamba ni goita iliyopotea njia, kisha akaenda kutafuta sindano ya kushonea magunia. Ndipo Felicitas akaona hospitali si mbali.

"Shida si huku nyuma, mama," daktari alimwambia. "Goti limechakaa ndani, sasa linatoa maji mengi. Hayo maji yanasukumwa nyuma, yanajaa kwa kifuko."

"Si utoboe tu?"

"Nikiyatoa na goti libaki vile liko, yatarudi. Tutatibu goti. Usichuchumae, usipige magoti. Na kigimbi kikivimba ghafla na kuuma, kuja mbio."

"Hata kanisani nisipige?"

"Goti halijui kanisa."

Siku ya uchaguzi Angeline alisimama. "Mama Kiambi, hebu tuambie, ni nini imekuzuia kumpigia Mungu magoti?"

Felicitas alifunga mlango, akawapa mgongo, akainua sketi, akawaeleza maneno ya daktari. Wakaja wote kubonyeza, kama wanaochagua parachichi sokoni.

"Kwani daktari alisema mtu anaweza kukaa tu?" mmoja wao, Wamuyu, akauliza.

"Alisema."

"Mtu yeyote wa goti mbaya?"

Kila mmoja alikuwa akiyasikiliza magoti yake. Kisha wakapiga kura, na Angeline akapata yake mwenyewe na ya dada yake.

Jumapili iliyofuata mabenchi manne ya mbele yalibaki yameketi, nyuso zikiwa na ibada isiyo na kifani. Angeline peke yake alipiga magoti, kwa msimamo. Kushuka kulikwenda vizuri. Kuinuka kulihitaji mkono, na mkono uliokuwa karibu ulikuwa wa mwenyekiti.

"Pole pole, Mama Munene," Felicitas akamnong'oneza. "Hilo goti nimelisikia likilia."