Mtu wa Mwisho, Mstari wa Nyuma

Ipo siku moja, mwanangu, inayonijia mara kwa mara bila kuitwa, hasa nikiwa nimekaa uani mchana na jua limetulia juu ya mabati. Naiona barabara ya Nkololo na pamba iliyodondoka kwenye malori, imenasa kwenye minyaa na kwenye miiba. Upepo ukija inatikisika kidogo, halafu inatulia. Naiona bahasha ya kaki mkononi mwangu. Halafu nauona mlango wa bibi Holo. Mengine ya siku hiyo siyaamini sana, maana nimeyaota mara nyingi mpaka sijui lipi niliona kwa macho na lipi nimeliongeza mwenyewe. Nitakuandikia yale ninayoweza kuyasimamia. Pale nisipokuwa na hakika, nitasema.

Nimesikia, Kija mtoto wa kaka yangu, kwamba umepata kazi ya kutafuta picha za zamani za vikosi vya jeshi kwa ajili ya makumbusho. Nimesikia pia kwamba unatembea na simu tu: unafika, unapiga picha ya picha, unaondoka. Sikulaumu. Mimi nilitembea na bahasha, na haraka yangu ilikuwa kubwa kuliko yako. Ndiyo maana nakuandikia, ingawa elimu yangu ni ya darasa la saba na najua utayaona makosa.

Wakati huo Bariadi ilikuwa bado chini ya Shinyanga, mkoa wa Simiyu haujazaliwa. Nilikuwa msichana, kazi yangu kufagia chumba ambacho Mwalimu Bundala, mwalimu mstaafu, alikuwa amekigeuza makumbusho. Humo ndani mlikuwa na ngoma, vibuyu, majembe ya kale, na ukuta mmoja mtupu. Ukuta ule Mwalimu aliutaka kwa ajili ya wanamgambo wetu waliokwenda vita vya Kagera. Mjane wa mpiga picha mmoja wa mjini akatupa picha ya platuni, iliyopigwa kambini kabla hawajaondoka. Wa mbele wamepiga goti, wa nyuma wamesimama. Nyuma ya picha hapakuwa na hata jina moja.

Mwalimu miguu ilikuwa inamsumbua. Akaniambia, "Wewe unayo miguu. Nenda, urudi na majina."

Majina yakaja moja moja. Watu waliishika picha kwa kingo, halafu mmoja anacheka: "Mtazame huyu na soksi zake!" Mwingine: "Na huyu amenuna kama ameambiwa alipie." Mwishoni akabaki mtu mmoja tu, wa mwisho kulia, mstari wa nyuma. Kofia ameivuta chini, kivuli kimemfunika mpaka puani. Kinaonekana kidevu, mdomo, na sikio moja.

Ndipo nikaelekezwa Nkololo kwa bibi Holo. Mwanawe Maduhu alikwenda na kikosi kile, hakurudi. Kaburi lake haliko nyumbani, na picha yake hawakuwa nayo hata moja. Watu walimwita bibi huyu mama Minza, kwa jina la binti yake aliyebaki. Nadhani walifanya hivyo kwa kumhurumia, ili jina la yule mwingine lisimguse.

Nilipiga goti nikamsalimia, "Mwangaluka." Akaitika, akaanza kuniuliza kama wanavyouliza watu wetu: mimi ni mtoto wa nani, mjukuu wa nani, babu zangu walihama kutoka wapi, huko mvua ilikuwaje. Nikamjibu kwa ufupi, maana lori la pamba nililokuja nalo lilikuwa linapakia na lingeniacha. Akaniwekea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye sahani. Sikuigusa. Nikatoa picha.

"Bibi, mwanao yuko wapi kati ya hawa?"

Aliitazama muda mrefu. Jogoo aliingia ndani, akatoka. Kisha akaweka kidole juu ya yule mtu wa kofia.

"Huyu."

Nikaandika Maduhu, nikashukuru, nikakimbilia lori. Njia nzima nilikuwa na furaha kama mtu aliyefungua fundo.

Furaha hiyo iliishia Mwamanyili. Nilikwenda kule kumtafuta ndugu wa mwanamgambo mwingine aliyeitwa Ng'wandu, aliyesemekana alikuwa wa kikosi kile ingawa hakuna aliyenionyesha uso wake. Nikampata mdogo wake, Yohana, anatengeneza jembe la kukokotwa na ng'ombe. Nilipomwonyesha picha hakusita hata kidogo.

"Huyu wa mwisho ndiye kaka yetu. Tazama sikio limejikunja juu. Aling'atwa na punda akiwa mdogo."

"Punda?"

"Punda wa baba. Na punda naye alikuwa na sababu zake, dada, nisimsingizie. Ng'wandu alikuwa anamvuta mkia."

Nikamwambia kwamba kuna mama Nkololo amesema huyo ni mwanawe. Uso wake ukabadilika.

"Kaka yangu alirudi kutoka vitani akiwa mgonjwa. Akakaa hapa miaka anakohoa. Aliyefia kule aliimbiwa kanisani. Wangu aliyefia kitandani hakuna aliyekuja. Leo mnataka kumnyang'anya na sikio?"

Lazima niseme ukweli kwa upande wake: maneno yale yalikuwa haki yake, na hakuyasema kwa matusi. Alinisindikiza mpaka barabarani, akanibebea na bahasha yangu.

Nikaenda Maswa. Huko alikuwako mzee Limbu, aliyekuwa sajini wa platuni ile, sasa mlinzi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Aliipokea picha kwa mikono miwili.

"Huyu Ng'wandu," akasema. "Maduhu unamtafuta wa nini humu? Hayumo. Alikuwa lindoni, getini. Nilimwita mwenyewe: njoo kijana, kupiga picha ni kufumba na kufumbua. Unajua alinijibu nini? 'Afande, aliyenipanga hapa ni wewe. Nikiondoka, atakayeniadhibu ni wewe. Sasa nikusikilize wewe yupi?' Kikosi kizima kilicheka. Nikamwambia, basi utapiga nyingine."

Akanirudishia picha. Vumbi la pamba lilikuwa linaelea mlangoni kwenye mwanga.

"Hatukupiga nyingine," akasema.

Nilirudi juu ya lori, nimelala chali kwenye marobota, mbingu inazunguka polepole kama maji kwenye sufuria. Hapa ndipo siamini kumbukumbu yangu. Niliwaona wale watu wa kwenye picha wanatembea kandokando ya lori, katikati ya mashamba, wepesi, wanaongea Kisukuma kwa sauti ya chini, na pamba inawafikia kiunoni. Mmoja tu hakutembea. Alibaki amesimama kwenye njia, ametugeuzia mgongo, anazidi kuwa mdogo kadiri lori linavyokwenda. Nilitaka kumwita nisijue nimwite jina gani. Labda nilisinzia. Labda ni usingizi wa miaka ya baadaye nimeuweka pale. Sijui.

Mwalimu Bundala aliposikia yote akasema, "Andika Ng'wandu. Kwa yule mama usirudi. Hajui kusoma. Atakuja, atautazama uso anaoutaka, ataondoka ameridhika. Ya nini kumuumiza?"

Nisimwonee Mwalimu. Alisema kwa huruma, si kwa uvivu, na nilikaribia kumkubalia. Nilifagia chumba chote nikimkubalia. Lakini kila nilipoufikia ukuta ule mtupu, nilimwona mama amesimama pale, anaukodolea macho uso wa mtoto wa watu, na sisi tunaojua tumesimama nyuma yake tumenyamaza. Nikaweka ufagio chini, nikaenda Nkololo.

Nilimkuta bibi Holo ameketi kwenye mkeka anachambua pamba, safi huku, chafu huku. Nikakaa nikachambua naye. Baadaye nikamwambia. Nilitegemea alie. Mikono yake haikusimama.

"Najua," akasema.

"Unajua nini, bibi?"

"Masikio ya kwetu hayajikunji. Nilijua siku ile ile."

Nikamuuliza kwa nini basi alisema ni yeye.

"Ulikuja na haraka zako. Ukaniuliza yuko wapi kati ya hawa. Ningesema hayumo, ungefunga bahasha yako ukaenda zako. Au siyo?"

Ilikuwa hivyo.

"Na jina lake lingebaki humu ndani na mimi mpaka siku ya kunizika. Nikaona heri likae ukutani hata kwa uso wa kuazima." Akalitupa tonge la pamba upande wa chafu. "Mgeni akifika hapa, hata akiwa mwizi wa ng'ombe, tunamuuliza kwanza ni mtoto wa nani, mjukuu wa nani, wametoka wapi. Ndipo anapewa maji. Wewe nilikuuliza hayo yote. Mwanangu je, ulimuulizia nini? Amesimama wapi. Basi! Kama mbuzi mnadani."

Mwanangu, nimesemwa na wengi maishani, lakini maneno yale yaliniingia mpaka leo hayajatoka. Hakuyasema kwa ukali. Aliyasema kama mtu anayekuonyesha kwamba kanga yako imechanika nyuma.

"Sasa niulize," akasema.

Nikamuuliza, "Maduhu alikuwa mtu gani?"

Jua lilihama kutoka kwenye mkeka likaenda ukutani na yeye bado anaongea. Alisema ng'ombe wa jembe walikuwa wanamfuata kwa mluzi wake tu, mwingine akipiga wanamtazama kama mjinga. Alisema siku za ngoma alicheza kama mtu anayekanyaga siafu, na hata hivyo alikuwa wa kwanza kuingia uwanjani. Hakuweza kuchelewa popote. Kanisani alifika kabla ya katekista, akamsubiri mlangoni kwa kumlaumu. Na akitumwa kulinda shamba la mtama, basi hata akiitwa kula haji, anaomba chakula kipelekwe kule kule.

Hapo nikakumbuka. Nikamwambia alichoniambia mzee Limbu: geti, picha, afande, na lile jibu, "Sasa nikusikilize wewe yupi?"

Bibi Holo aliacha kuchambua. Alinitazama, halafu akaanza kucheka, kwanza kidogo, kisha kwa mwili wote, mpaka akachukua pamba, ile safi, akafuta macho.

"Ndiye!" akasema. "Ndiye huyo! Mayu wee, ndiye mwanangu huyo! Hebu rudia."

Nikarudia. Akasema rudia tena. Nikarudia mpaka nikaweza kuiga sauti, na yeye ananirekebisha: hapana, yeye angesema hivi, kichwa amekiinamisha kidogo. Picha ile tuliisahau kwenye bahasha. Michembe safari hii niliila yote.

Niliporudi Bariadi niliomba jina la Maduhu nalo liandikwe kwenye kadi ya kubandikwa chini ya picha, Mwalimu akakataa. Akasema kadi ya picha ni ya walio pichani, na tukianza kuandika wasiokuwamo hatutajua pa kuishia. Hoja yake ilikuwa ya kweli na hata leo sijui jibu lake. Nilichofanya ni kumsimulia yule mama anavyocheka. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Halafu akachukua kalamu mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri, na chini kabisa ya majina akaandika: "Mstari wa nyuma, wa mwisho kulia: Ng'wandu, wa Mwamanyili. Hayumo pichani: Maduhu, mwana wa Holo wa Nkololo. Alikuwa zamu ya lindo."

Siku ya kufungua ukuta ule walikuja watu wengi. Yohana alikuja na suti iliyombana. Alisoma kadi akiwa peke yake, akaisoma tena. Bibi Holo alipofika na binti yake, Yohana akaniuliza kwa macho kama ndiye, nikamwitikia kwa kichwa. Nilijiandaa kwa ugomvi. Yeye akainama mbele ya yule bibi, mtu mzima na suti yake.

"Shikamoo, mama Maduhu."

Minza alimshika mama yake mkono. Jina lile lilikuwa halijaitwa mbele za watu kwa miaka mingi, na bibi aliitika polepole sana, kama mtu anayeamka.

"Marahaba, baba."

Yohana akamsomea kadi kwa sauti, neno kwa neno, akimwonyesha kwa kidole jina la mwanawe lilipo. Yeye akalisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaitazama picha, yule mtu wa kofia, akamgeukia Yohana.

"Na huyu wenu," akauliza, "alikuwa mtu gani?"

Wakatoka nje, wakakaa kwenye ngazi, na Yohana akaanza kumweleza.

Basi, mwanangu Kija, na wewe mwingine yeyote utakayeyasoma haya, ushauri wangu ni huu. Ukifika kwenye nyumba ya watu, simu iache mfukoni mpaka salamu ziishe, na salamu za kwetu uziache ziishe zenyewe. Kula ulichowekewa. Usiulize uso uko wapi kabla hujauliza mtu alikuwa nani. Ukigundua kweli inayouma, irudishe kwa mwenyewe kwa miguu yako, usimfichie kwa huruma. Huenda ndani yake kuna kitu ambacho ni yeye tu anayekijua thamani yake. Na katika kila picha ya kikosi, ulizia na yule aliyekuwa zamu. Mimi sijui kama nimeyafuata haya maisha yangu yote. Najaribu.

Mungu akupe masikio yasiyo na haraka. Kila mlango utakaoubisha, aufungue mtu mwenye nafasi ya kukusimulia. Na zamu yako mwenyewe ikiisha, mbali sana huko mbele, asikosekane mtu wa kuuliza ulikuwa nani, wala mtu wa kumjibu akicheka.