Aliyetufukuza Ipyana

Juzi nilipigiwa simu: baba mdogo anaumwa sana, anataka kuniona. Nilipoteremka Ipyana, ndugu yangu, harufu ya kakao iliyoanikwa ikanirudisha utotoni.

Nilikuwa na miaka tisa tulipofika hapo, mimi na mama. Mama ni wa Ukraine. Baba, kijana wa Ipyana, alikwenda Donetsk kusomea udaktari, akamwoa huko. Vita vilipoanza, kombora lilimkuta baba kazini, likamuua. Tukakimbia na begi moja. Majirani walishangaa, "Tangu lini mzungu akawa mkimbizi?" Bibi, mama yake baba, hakushangaa. Alimshika mama mkono, akasema, "Hapa ni kwenu, mkamwana."

Tulimenya ndizi mbalaga, tukapura mpunga, tukageuza kakao juani mpaka vidole vikanukia uchachu. Bibi alikaanga mbasa, samaki wa ziwani, akacheka kila mama alipomshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga," kwa lafudhi ya kwao. Alikuwa akisema, mgeni hupewa kigoda, mtoto wa nyumbani hupewa jembe. Mama alipewa jembe.

Bibi alifariki. Hata matanga hayajaisha, baba mdogo akatutupia vyombo nje.

"Mwanamke huyu arudi kwao."

"Kwao wapi?" nikamuuliza. "Kwao kunaungua!"

Akafunga mlango. Jirani mmoja, mfinyanzi aliyetoka ziwani, alitulaza katikati ya vyungu vyake mpaka tulipopata chumba Mbeya. Mama alishona nguo za watu, akanisomesha.

Aliyerusha lile kombora simjui, wala sitamjua. Baba mdogo namjua. Basi chuki ya watu wawili nikambebesha yeye peke yake.

Nilimkuta amekonda, macho yameingia ndani.

"Mwanangu, nisamehe, nife vizuri."

Shangazi, aliyekuwa akimuuguza, alinigusa bega ili nikubali.

"Mama alishakusamehe," nikamwambia. "Mimi bado."

Akalia. Nilikaa pale nikimtazama mpaka aliponyamaza, na sikuona haya. Kisha nikaaga.

Nyumba ya bibi haipo, baba mdogo aliibomoa. Mikakao aliikata, akauza kiwanja. Donetsk nako, jengo letu limebaki kifusi. Watu husema kisasi hakirudishi kilichopotea. Ni kweli, hakikunirudishia kitu. Lakini ndani ya gari, tukipanda milima kurudi Mbeya, nililala usingizi mzito, na kwa mara ya kwanza tangu tufukuzwe sikuota nyumba yoyote.