Mtoto Aliyebadilishwa Jina

Soko huria lilipotuletea kompyuta, hospitali moja ya misheni pale Bunda ilipewa ya kwake na wafadhili. Mimi, kijana wa Kamunyonge mwenye cheti na majivuno, nikaajiriwa kuiandikia programu ya kliniki ya watoto.

Programu ilikuwa na kurasa tatu: kuandikisha, mizani na chanjo. Kila ukurasa ulikuwa na kisaidizi chake, kipande kidogo cha msimbo cha kwenda kwenye hifadhidata kumtafuta mtoto kwa jina. Nilikinakili mara tatu, nikajiona fundi.

Siku moja alikuja mama kutoka kijiji cha Guta. Ukurasa wa mizani ukasema mtoto wake hayumo. Nesi mzee aliyesimamia kliniki hakushangaa.

"Huyu alikuwaga na jina lingine," akaniambia. "Alilia wiki nzima, wakampa jina la babu yake, akanyamaza. Mtafute kwa namba ya kadi ya mama yake."

Na mimi ni mtu wa Mara, ambako mtoto anayelia bila kukoma hubadilishwa jina. Mimi mwenyewe nilibadilishwa jina nikiwa mchanga. Sijui akili yangu ilikuwa wapi.

Nilirekebisha ukurasa wa mizani tu, utafute kwa namba ya kadi. Mwezi uliofuata mama akarudi kwa chanjo ya surua, na ukurasa wa chanjo, ambao bado ulitafuta kwa jina, ukasema mtoto hayumo. Kwa ukali wa mtu anayejua amekosea, nikamwambia aje siku nyingine. Akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka.

Nesi alimfuata mbio hadi getini, akamrudisha, akamchanja mtoto kwa kutumia kadi ya karatasi. Halafu akanigeukia.

"Mwanangu, kwenye kabati la mafaili naingiaga mimi peke yangu. Anayetaka faili ananiomba. Wewe umeruhusu kila mtu aingie."

Niliona aibu, kisha nikafanya kazi. Visaidizi vyote vinavyogusa hifadhidata nikavikusanya katika klasi moja, yaani fungu moja la msimbo, boma lao. Vile vya kupanga tarehe tu, visivyoigusa, nikavitenga. Kurasa zote zikawa zinaomba mahali pamoja. Klasi ile niliiita Nesi, na ninamshukuru nesi yule mzee, mama yangu wa kazi, kila ninapoanza programu mpya.

Msimu ule surua ilipita Guta, ikachukua watoto. Mama yule wa Guta akaja kliniki kama kawaida, mtoto wake mgongoni. Niliandika namba ya kadi, jina likatokea, tukampima. Alikuwa ameongezeka uzito.