Mguu Unaolalamika

Kaka yangu ni fundi wa miguu ya bandia, na kwa ubishi hana mpinzani. Mguu mpya huutengeneza kwa kunakili ule mzima: anaupaka mafuta, anauzungushia bandeji za plasta mbichi, anangoja zikaze. Plasta ikikaza hupata moto. Hakuna mteja asiyepiga kelele, naye huwatania, "Piga kelele, bwana! Mguu unaolalamika ndio mguu mzima."

Safari hii mteja alikuwa binti yake. Kisukari kilimshika akiwa bado mdogo, na sasa kidonda cha mguu wa kushoto kilikuwa kimeoza. Madaktari walitaka kuukata kesho yake asubuhi, la sivyo sumu ingemmaliza. Akagoma. Sababu? Katuni! Nilitamani kumzaba kibao, kisha nikatoka nje ya wodi nikalia.

Katuni yenyewe ni ya Kijapani, ya dada mpiganaji anayebadilishwa viungo kimoja kimoja, anawekewa vya chuma. Mwishoni kabaki uso tu. Anaweka kiganja juu ya moto wa mshumaa, anatabasamu, picha inazima.

"Hasikii kitu, baba," binti alisema kutoka kitandani. "Ndiyo maana anatabasamu. Amekwisha, kimebaki chuma. Na alianza na mguu mmoja, kama mimi."

Kaka, mtu asiyemaliza taarifa ya habari bila kusinzia, aliitazama katuni yote kwenye simu ya mwanawe, na ule mwisho akaurudia mpaka nikachoka mimi.

"Mwangalie vizuri mdomoni," alisema. "Kauma meno. Moto unamchoma, na anafurahi kwamba unamchoma. Maana yake bado yumo."

Binti alitazama tena. Kisha akanigeukia mimi.

"Shangazi, wewe unaonaje?"

"Naona leo baba yako kwa mara ya kwanza kasema la maana."

Akacheka. "Haya, wakate. Ila mguu wangu uwe mzuri kuliko wa yule dada."

Kaka hakungoja abadili mawazo. Alivuta beseni la plasta alilokuja nalo, akaupaka mafuta mguu wa kulia, akazungusha bandeji kuanzia vidoleni hadi juu ya goti, mikono ikimwenda mbio kwa furaha. Mimi nilikuwa namshukuru Mungu kimoyomoyo.

"Sasa jiandae kupiga kelele," alimwambia.

Tukangoja. Plasta ilianza kukaza na kupoteza mng'ao wa maji. Binti alikuwa amerudia ule mwisho kwenye simu, anatabasamu.

"Vipi, haijaanza kuchoma?"

"Bado."

Kaka aliacha kutabasamu. Nilinyoosha mkono nikaigusa plasta, ikanichoma, nikautoa upesi.

"Bado, baba," binti alirudia, macho kwenye simu. "Kwani huwa inachukua muda gani?"